Sheria ya Meno Manane

Nchi ya Shangweni ina mji mmoja tu, na mji huo una kazi moja: kuwafurahisha watoto wanaoletwa na wazazi wao kutoka nchi nyingine. Nilikaa huko siku kumi na tatu na binti yangu Mwantumu, mwenye miaka saba. Ninayoyaandika hapa niliyaona mwenyewe. Pale niliposimuliwa, nitasema kuwa nilisimuliwa.

Niseme kwanza kilichotupeleka. Mimi ni fundi wa mizani. Kwa miaka mitatu nilikuwa mbali na nyumbani, nikitengeneza mizani za maghala, na nilimwacha Mwantumu ana miaka minne. Niliporudi alinipa shikamoo vizuri kabisa, kisha akaenda kusimama nyuma ya mama yake. Aliniita baba kama mtu anavyomwita mwalimu wa shule ambayo hasomi. Mke wangu, Shani, alivumilia mwezi mzima, halafu akasema twende mahali sisi wawili tu, tukazoeane. Mtaani kwetu kila aliyekuwa na mtoto alikuwa akiisifu Shangweni. Basi tukaenda Shangweni.

Langoni tulipewa Kitabu cha Matembezi. Kina kurasa kumi na mbili, na kila ukurasa una kitu kimoja cha kutazamwa kwa siku moja. Sheria imeandikwa ndani ya jalada, nami niliinakili kwenye daftari langu. Mtoto atafurahi mbele ya kila kitu. Karani wa Meno atahakiki furaha hiyo. Tabasamu linaloonyesha meno manane au zaidi ni furaha, na ukurasa utapigwa muhuri. Chini ya manane si furaha, na ukurasa utakunjwa pembe. Kurasa zilizokunjwa zikizidi sita, mtoto atabaki katika Nyumba ya Kukamilishia kwa siku arobaini ili furaha yake ikamilishwe na wataalamu, na mzazi atarudi kwao kumsubiri.

Nilimuuliza ofisa wa lango kwa nini meno. Alinijibu bila haraka. Zamani, alisema, watoto walikuwa wakiulizwa wenyewe kama wamefurahi, na majibu yao hayakuweza kujumlishwa. Mmoja alisema amependa maharage ya mchana. Mwingine alisema amependa mbwa aliyemwona njiani. Baada ya vikao vya miaka miwili wakaona meno ni bora, kwa sababu watu wawili wakiyahesabu hupata jibu moja. Mimi ni mtu wa mizani, nilimwelewa. Siwezi kumlaumu anayetafuta kipimo ambacho watu hawatakigombania.

Kisha nikamtazama Mwantumu. Alikuwa hana meno mawili ya mbele juu, na mawili ya chini yalikuwa yameanguka mwezi uleule. Nilimwomba acheke kidogo, nikahesabu. Hata akijitahidi, yalionekana manne.

Nilimuuliza ofisa kama watunga sheria waliwafikiria watoto wenye mapengo. Akasema sheria ilijaribiwa kwanza kwa watunga sheria wenyewe, na wote walifaulu.

Tulipanga chumba kwa Bi Kudra, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, ambaye nyumba yake iko nyuma ya soko la maputo. Mwanawe, Shaweji, ndiye Karani wa Meno wa upande ule wa mji, kijana mrefu anayetembea na kioo kidogo na fimbo nyembamba ya kuhesabia. Mama yake alituambia kwa fahari, lakini fahari yenye uchovu, kwamba Shaweji alipokuwa mdogo alionyesha meno kumi na sita, na picha yake ilitundikwa wizarani.

Siku ya kwanza tuliona Chemchemi ya Rangi Saba. Ya pili tulipanda Mnara wa Kutazamia Minara, ambao juu yake unaiona minara mingine yenye wazazi wakikutazama. Kila mahali palikuwa na foleni ya saa tatu au nne, na hakuna kiti cha mtoto popote, kwa kuwa huko mtoto hachoki. Neno lenyewe halitumiki. Mtoto akianza kulegea magoti, wanasema amejaa. Mzazi anatakiwa kusema "tazama" mara tatu mbele ya kila kitu, na kuna mtu anayesikiliza. Mtoto akisema anataka nyumbani, pembe inakunjwa papo hapo. Kwa hiyo nilizoea kuona baba au mama akimziba mwanawe mdomo kwa kiganja huku akijifanya anamfuta makamasi.

Asubuhi, kabla ya foleni, wazazi huwasimamisha watoto mbele ya vioo na kuwainua midomo kwa vidole. Niliwaona baba watatu wakilala wamesimama kwenye ngazi za mnara, mikono yao ikiwa bado mabegani mwa watoto wao. Hakuna aliyewacheka. Mimi mwenyewe siku ya nne nililala hivyo.

Katika foleni mazungumzo ni ya meno. Mama mmoja mwenye mtandio wa kijani aliniuliza wa kwangu ana mangapi. Nikamwambia manne.

"Pole, baba," akasema. "Mngekuja mwaka jana, kabla hayajaanguka."

Mwenzake akamdakia, "Au mwakani, yakishaota. Wanaume hawajui kupanga safari."

Wakacheka, na binti zao wakacheka, na nikaona meno mengi.

Siku ya tatu ndiyo ninayoikumbuka zaidi katika zile za mwanzo. Tulipelekwa kwa Tembo wa Bati, mnyama mkubwa kama nyumba anayeinua mkonga na kumwaga karatasi za rangi. Watoto wote walipiga kelele. Mwantumu alisogea karibu na tumbo la tembo, akasikiliza, kisha akarudi kwangu.

"Baba, kuna mtu ndani anakohoa."

Nilikwenda nikasikiliza. Ni kweli, mtu alikuwa akikohoa, kikohozi cha vumbi la karatasi. Mwantumu aliuliza kama anaweza kupewa maji. Shaweji alikuwa amefika na fimbo yake. Aliinama, akahesabu, akasema manne, akakunja ukurasa. Nilimweleza kwamba mtoto ameguswa na jambo, si kwamba hakuona. Alinisikiliza hadi mwisho, maana ni kijana mwenye adabu, akasema huruma haimo kitabuni.

Jioni ya siku ya sita kurasa zote sita zilikuwa zimekunjwa. Wa saba ungetosha kunitenganisha na mwanangu, na ukakunjwa kesho yake mbele ya Jumba la Mapovu. Shaweji alinieleza utaratibu: naweza kwenda mbele ya Baraza la Bashasha siku ya kumi na mbili, nikatoa hoja. Wakati huohuo tuendelee na matembezi, kwani mtoto anayesubiri uamuzi naye anatakiwa kufurahi.

Sasa niseme habari ya ua.

Alasiri moja tuliporudi nilimkosa Mwantumu chumbani. Nilimkuta uani, kwenye kona ya karo la kufulia, amechuchumaa. Pale kulikuwa na bomba bovu linalodondosha tone moja moja. Chini yake alikuwa amepanga vizibo vya soda kwa ngazi, kimoja juu ya kokoto, kingine chini yake, hadi sita. Tone lilijaza kizibo cha kwanza, kizibo kikainama na kumwaga kwenye cha pili, cha pili kwenye cha tatu. Ilichukua muda mrefu sana. Cha mwisho kilipojaa kilipinduka na kuanguka kwenye sufuria kuukuu iliyofunikwa, kikalia. Mwantumu akacheka. Alicheka kwa mwili mzima, mikono kati ya magoti, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwa sababu alipoanza kucheka hivyo mimi sikuwapo.

Aliponiona alinyamaza. Nilidhani ataviondoa. Badala yake alinitazama kwa muda, akasema cha nne kinakawia, kinajaa lakini hakiinami.

Hilo ni jambo ninalolijua. Nilichuchumaa, nikasogeza kokoto chini ya cha nne kwa upana wa ukucha, nikamwonyesha kwamba kitu huinama pale uzito unapopita mahali kinapoegemea. Akajaribu mwenyewe, akakosea, akajaribu tena. Tukakaa tukisubiri. Kilipopinduka, tulicheka wote wawili.

"Usiwaambie wale," akasema.

"Sitasema."

"Hata yule wa fimbo."

"Hata yeye."

Tangu hapo tulikwenda uani kila alasiri. Aliniuliza mambo ya mizani, na kama nilipokuwa mbali nilikuwa na karo. Siku ya kumi aliegemea goti langu bila kuitwa, akasinzia hapo. Sikusogeza mguu hadi ulipokufa ganzi.

Baraza la Bashasha hukaa katika ukumbi wenye viti vitano. Siku yetu vilikuwa vimekaliwa vitatu, na wajumbe wawili hawakufika. Mkuu wa Baraza alikuwa mama mnene mwenye sura njema, anayeitwa Bi Mkuu na kila mtu. Kwenye mlango wa pembeni alisimama mlezi wa Nyumba ya Kukamilishia, ameshika gauni la njano lililopigwa pasi. Kifuani lilikuwa limekwisha kushonwa jina. Mwantumu alikuwa ndiyo kwanza amejua kusoma. Alilitazama lile gauni, midomo ikisogea, kisha akanishika kidole kimoja.

Nilitoa hoja yangu polepole. Nilisema kwamba mtoto wa miaka saba hana namna ya kuonyesha asichokuwa nacho, na kwamba mizani isiyoweza kufika kilo nane haiwezi kulaumiwa kwa kutosoma nane.

Mjumbe wa kulia aliniunga mkono. Alisema pengo ni mahali pa jino ambalo limechelewa tu, kama kiti kilicho wazi katika baraza, ambacho bado ni cha mwenyewe. Mjumbe wa kushoto akasema asiyekuwepo hahesabiwi. Hapo wote wakavitazama vile viti viwili vitupu. Sheria yao inataka wajumbe wanne ndipo kikao kiwe halali. Ikiwa asiyekuwepo hahesabiwi, basi kikao chenyewe hakikuwepo.

Walijadili hilo kwa saa nzima. Tulisimama. Mwantumu alijaa, kama wanavyosema. Mwisho iliamuliwa kwamba viti vitupu vinahesabiwa, kwa kuwa viti ni mali ya serikali, na mapengo hayahesabiwi, kwa kuwa vinywa ni mali ya wageni. Mjumbe wa kulia alikubali uamuzi huo. Alinitazama kidogo, akatazama saa ya ukutani.

Mlezi akapiga hatua moja na lile gauni. Bi Mkuu akamzuia kwa mkono. Sidhani alikuwa mtu mbaya.

"Baba Mwantumu," akasema, "nikuulize mara moja, na unijibu. Tangu mmeingia nchi hii, mtoto huyu amewahi kufurahi mahali popote, mbele ya mtu?"

Niliangalia chini. Mwantumu alikuwa amekwisha kuelewa kabla yangu. Alikuwa akitikisa kichwa, polepole, kama mtu anayemkataza mwingine asikanyage kitu.

Nimewaza sana dakika ile. Ningenyamaza, angechukuliwa siku arobaini, na angerudi anaonyesha meno yote atakayokuwa nayo, kwa amri. Nilikuwa nimemwona Shaweji kila siku. Na miaka mitatu nilikuwa nimeshaikosa.

"Amefurahi," nikasema. "Uani kwa Bi Kudra. Kwenye bomba."

Kidole changu kikaachiwa.

Baraza zima likaja uani, likasimama kuzunguka karo. Shaweji alipima urefu wa kila kizibo kutoka chini, akaandika. Walimtaka Mwantumu acheke ili wahakiki. Matone yalijaa, vizibo vikainama, cha mwisho kikalia kwenye sufuria, naye alisimama mikono nyuma, akitazama ukuta. Bi Mkuu akauliza kama kuna shahidi. Bi Kudra akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Mimi. Anacheka hapo kila alasiri."

"Meno mangapi?" akauliza mjumbe wa kushoto.

"Sikuhesabu. Nilikuwa nasikia tu, huku nakanda."

Wakaanza kujadili kama furaha iliyosikika inaweza kuandikwa ilhali haikuonekana. Bi Kudra hakuwasubiri. Alimgeukia mwanawe.

"Wewe Shaweji, bomba hili lilikuwa likivuja kabla hujazaliwa. Ulikuwa ukipanga maganda ya nazi hapo, kabla hawajaja kukutazama kinywa. Ulikuwa ukicheka mpaka unajikojolea. Andika basi."

Shaweji aliinua kioo chake, akakishusha. Alilitazama bomba kwa muda mrefu, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Kisha akaandika, akamwonyesha Bi Mkuu. Nilikiona alichoandika: manane. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika idadi asiyoihesabu. Hakunitazama.

Bi Mkuu alifurahi. Alisema mtoto yuko huru kurudi kwao. Limebaki jambo moja dogo. Furaha halali lazima iwe imetokea mahali palipo kitabuni, kwa hiyo mahali hapa pataingizwa kitabuni leo hii, kuwa ukurasa wa kumi na tatu. Mjumbe wa kulia akapiga makofi. Mlezi akalikunja lile gauni vizuri, akaenda nalo.

Kulipokucha ua wa Bi Kudra ulikuwa na kamba nyekundu. Bomba bovu lilikuwa limeng'olewa na fundi wa serikali, na mahali pake pakawekwa bomba jipya la shaba linalodondosha matone kwa ratiba, tone moja kila robo dakika. Vizibo vilikuwa vimepakwa rangi ya dhahabu na kufungwa kwa bawaba kwenye ngazi ya saruji iliyopimwa kwa rula, ili visipotee. Kwa hiyo havikupinduka tena vyenyewe. Viliinamishwa kwa uzi na mtu aliyejificha nyuma ya ukuta, na mwingine aligonga kengele. Foleni ilianzia kwenye soko la maputo. Niliona mama mwenye mtandio wa kijani akimwinua mwanawe mdomo wa juu. Bi Kudra alikuwa akifulia barabarani, kwa sababu karo lilikuwa limezungushiwa kamba.

Kwa heshima, sisi ndio tuliowekwa wa kwanza. Sheria ilinitaka niseme "tazama" mara tatu. Nikasema. Mwantumu akatazama. Kengele ikalia. Shaweji akainama mbele yake na fimbo, na Mwantumu, kwa mara ya kwanza katika siku zote zile, alimwonyesha meno yote aliyokuwa nayo, midomo ikiwa imevutwa hadi karibu na masikio, macho yakiwa hayapo pale. Alikuwa amejifunza.

"Manne," Shaweji akasema kwa sauti ya chini, akapiga muhuri.

Tulipopita lango nilimwuliza kama ana njaa. Akasema hana. Tukaenda mbele kidogo.

"Ulisema hutasema," akasema.

"Nilisema hivyo."

"Ukasema."

"Ndiyo, mama."

Nilitaka kumweleza habari ya gauni lile na siku arobaini. Alikuwa anazijua. Alikuwa amelisoma jina lake mwenyewe. Tukaendelea kutembea, naye hakunipa mkono, wala hakukataa nilipombebea mzigo wake.

Nyumbani Shani alitutazama sote wawili, akaniuliza kama tumezoeana. Nilimwambia tulizoeana, halafu nikamsimulia yote. Hakunilaumu. Alisema kwamba yeye pia angesema. Sijui kama alisema hivyo kwa ajili yangu.

Miezi mitatu imepita. Meno mawili ya juu yameanza kuota. Mwantumu ananipa shikamoo asubuhi, anakaa nami tukila, na anajibu ninachomuuliza. Sijamuuliza mengi.

Jana alasiri nilikuwa nyuma ya nyumba nikisugua mizani ya mteja, nikasikia kitu upande wa pili wa ukuta, kule liliko pipa la maji ya mvua. Kitu kidogo kilisogezwa. Kimya kirefu. Kisha kikaanguka kwenye bati, kikalia, na nikasikia kile kicheko.

Nilisimama. Kona ya ukuta ilikuwa hatua nne tu kutoka pale. Nilipiga hatua mbili, nikaona kivuli chake kidogo ardhini kikiwa kimechuchumaa, mkono ukinyoosha kitu. Halafu nikarudi, nikakaa kwenye kigoda changu upande wangu wa ukuta, nikaweka kitambaa chini ili mizani isipige kelele. Ilichukua muda mrefu sana, kisha kikalia tena.

Shani akaita kutoka jikoni akiuliza mtoto yuko wapi, anafanya nini.

"Yupo," nikamjibu. "Anachofanya sikijui."

Na nilikuwa nasema kweli.